Nduthi Ndani ya Talanta

Wazo nililitoa kwa watu wa steji ya Kawangware 46, na lilitolewa kama mzaha. Uwanja wa Talanta ukikamilika, jamaa mmoja alisema, serikali iwape watu wa boda Jumapili moja tu, mbio za nduthi, tuone kama viti 60,000 havitajaa kabla ya saa sita. Watu walicheka. Mimi nilienda kusoma, kwa sababu nilikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna nchi ambako hilo si kichekesho, na ambako mashabiki bado wanaulizana lini pikipiki zitarudi ndani ya uwanja wa taifa.

Mchezo wenyewe unaitwa spidiwei. Pikipiki nne, mizunguko minne, njia ya udongo yenye umbo la yai. Injini ni ya sisi 500, inakunywa methanoli badala ya petroli, gia ni moja na breki hakuna. Umesoma vizuri, breki hakuna. Mwendeshaji akifika kwa kona anaacha gurudumu la nyuma liteleze kwenda nje, mguu wa kushoto uliovikwa soli ya chuma unaburuzwa chini, usukani unaangalia kulia na yeye anapinda kushoto. Dakika moja hivi, mbio zimeisha, wanaingia wengine wanne. Ukishawahi kubebwa na nduthi kwenye tope la Gatwekera mwezi wa nne, hiyo kona unaijua tayari. Tofauti ni kwamba hapa kwetu dereva amekubeba wewe, mtungi wa gesi na kuku wawili.

Wengi humtaja Johnnie Hoskins kuwa ndiye aliyeuanzisha, katika mji wa West Maitland huko Australia, tarehe 15 Desemba 1923. Hoskins alikuwa katibu wa maonyesho ya kilimo pale, na alihitaji kitu cha kuvuta watu walipe kiingilio usiku. Kwa hivyo akawasha taa na kuziachilia pikipiki zizunguke kwenye uwanja ule ule ambako mchana watu walikuwa wakikagua ng'ombe. Shikilia hiyo picha ya uwanja wa maonyesho ya kilimo, nitairudia.

Mwaka 1928 mchezo ulikuwa umefika Uingereza, na 1929 uliingia Wembley. Wembley yenyewe ilikuwa na historia ya ajabu. Uwanja ulijengwa kuwa sehemu ya Maonyesho ya Dola ya Uingereza ya 1924 na 1925, yale ambayo makoloni, sisi tukiwemo, yalipelekwa kuonyeshwa kama mali. Maonyesho yalipokwisha, majengo yaligeuka mzigo. Aliyeuokoa uwanja ni Arthur Elvin, mtu aliyekuwa akiuza sigara kwenye kibanda pale pale kwenye maonyesho. Alianza kununua majengo yaliyoachwa ili ayabomoe na kuuza vifaa, mpaka mwishowe akawa na uwanja mkononi. Huyo, kwa lugha yetu, ni mtu wa kibanda na skrepa. Na mtu wa kibanda anajua jambo moja ambalo wakubwa wa soka hawakulijua: fainali ya kombe mara moja kwa mwaka hailipi stima. Unahitaji kitu cha kila wiki. Akaleta mbio za mbwa, kisha pikipiki.

Timu yake iliitwa Wembley Lions. Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika hapo 1936, akashinda Lionel Van Praag kutoka Australia. Baada ya Vita vya Pili, watu wa London wakiwa wamechoka na mgao wa chakula na nyumba zilizopigwa mabomu, Lions walichukua ubingwa wa ligi mara saba kati ya 1946 na 1953. Waliokuja walikuwa watu wa viwandani na familia zao, waliofika kwa treni na mabasi, wakavaa rangi za timu na kurudi nyumbani na vumbi kwenye nywele. Mimi ndiyo maana historia hii imenishika. Uwanja uliojengwa kwa fahari ya mfalme uliwekwa hai na makelele ya watu wa mshahara wa wiki.

Halafu Elvin akafa, Februari 1957, na Lions wakaondolewa kabla ya msimu huo kuanza. Kulikuwa na sababu nyingine, televisheni na kodi ya burudani zikiwemo, lakini uone jinsi jambo lilivyokuwa jembamba: mchezo wenye mashabiki elfu nyingi ulikuwa umening'inia kwa mtu mmoja aliyetaka uwepo. Mwaka 1970 Lions walirudi. Walikaa misimu miwili. Uwanja ulikuwa na shughuli nyingine zenye pesa zaidi, na wakatoka tena. Baada ya hapo zilibaki fainali za dunia za hapa na pale, ya mwisho ikiwa ya 1981, aliposhinda Mmarekani Bruce Penhall mbele ya watu zaidi ya 90,000. Watu elfu tisini, na bado haikutosha. Wembley ya zamani ilivunjwa, mpya ikafunguliwa 2007, na hakuna njia ya mbio iliyozunguka nyasi zake.

Kwa hivyo watu wa spidiwei wakajifunza kukodi. Kuanzia 2001 walikuwa wakiingia uwanja wa taifa wa Wales, Cardiff, na lori juu ya lori za udongo, wanaumwaga, wanaushindilia, wanakimbia usiku mmoja, kisha wanauzoa wote. Warszawa walijaribu vivyo hivyo 2015. Poland ni nchi ambako mchezo huu ni kama dini ya Jumapili, na watu zaidi ya 50,000 walijaa uwanja wa taifa kumuaga bingwa wao Tomasz Gollob. Njia ilivunjika. Mashine ya kuanzishia ikagoma. Baada ya mbio 12 waliahirisha kila kitu, mashabiki wakipiga mbinja. Warszawa walirekebisha na mashindano yaliendelea miaka iliyofuata, lakini somo lilibaki palepale: udongo wa kukodi hauna mizizi. Na Cardiff? Mwaka 2025 mashindano ya Uingereza yalihamishiwa Manchester, kwenye uwanja wa spidiwei wenyewe uliofunguliwa 2016, mdogo mara kadhaa kuliko ule wa Wales. Wengine walisema ni kushuka daraja. Sioni hivyo, na nitaeleza kwa nini nikishafika Ngong Road.

Tufike Ngong Road basi. Ukichora ramani, Kibera iko upande mmoja na Kawangware upande wa pili, na katikati yake kuna mlolongo wa burudani ambao ukiutazama vizuri unakuambia historia ya Nairobi bila kitabu. Klabu ya gofu ya Royal Nairobi ilianzishwa 1906. Mbio za farasi zilihamia Ngong Road 1954, wakati ule ule ambapo watu wa Nairobi walikuwa wakisombwa kwa malori katika Operesheni Anvil. Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambao wakoloni waliuita Mitchell Park kwa jina la gavana, uko hapo hapo. Na Kibera yenyewe? Wanubi, askari wa King's African Rifles, walipewa msitu huo waishi mwanzoni mwa karne ya 20, na eneo lililotengwa lilipimwa kuwa ekari 4,197. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Farasi wamepata kona zao, mipira ya gofu imepata mashimo yake kumi na nane, na mtu wa Makina amengoja karatasi zaidi ya miaka mia moja.

Ndani ya Jamhuri kulikuwa na njia ya mbio ya udongo. East African Motor Sports Club walikimbizia hapo motokrosi kwa miaka mingi, ile ya kuruka vilima na kutua kwa tope. Nikiwa mtoto, Jumapili nyingine tulisikia mlio wake kabla ya kuuona, kama nyuki waliokasirika ndani ya debe. Tulikuwa tukienda kuchungulia. Ndani kulikuwa na watoto wa umri wetu, wamevaa mavazi ya rangi zote kama ndege wa zuu, wameletwa na baba zao, pikipiki ndogo za Austria zikiwa nyuma ya pikapu. Sikuona wivu mwingi, nakumbuka mshangao tu. Kumbe mtoto anaweza kuwa na pikipiki yake mwenyewe na isiwe ya kazi.

Mchezo huo haukufungwa kwa sheria. Ulifungwa kwa bei, na bei ni ukuta ambao hauhitaji askari. Pikipiki ya motokrosi, mavazi, vipuri vya kuagiza, mtu wa kukubeba hadi uwanjani: hizo ni pesa za nyumba ya mawe.

Halafu 2008 kitu kikabadilika, na hakikubadilishwa na watu wa michezo. Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250. Kabla ya hapo, boda ilikuwa hadithi ya Busia, baiskeli za kuvusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda, ndiyo maana jina lenyewe. Mwaka 2007 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini zilikuwa kama 16,000. Kufikia 2011 zilikuwa zaidi ya 140,000 kwa mwaka mmoja. Kijana wa Kawangware ambaye 2006 angekuwa mtu wa mjengo au manamba wa mathree, sasa alikuwa juu ya magurudumu mawili, na deni la kila siku. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, pikipiki ilikuwa kitu cha maskini.

Ujuzi ukafuata, kwa sababu ni lazima. Tembea Naivasha Road jioni uwatazame. Wanapita katikati ya mathree mbili na abiria wawili na godoro. Wanajua klachi ikianza kuteleza kwa kusikia tu. Fundi aliye na kibanda cha mabati atakubomolea injini ya Boxer juu ya gunia na kuirudisha kabla ya chai kupoa. Sifa za Joginder Singh tumezisikia sote, mshindi wa Safari Rally 1965, 1974 na 1976. Yule alikuwa mzaliwa wa Kericho na fundi kabla ya kuwa shujaa. Mikono ya aina hiyo leo imejaa kila steji, na hakuna ngazi ya kuitoa hapo kuifikisha popote.

Kile tulichowapa badala ya ngazi ni rungu. Machi 2022, baada ya wanaume wa boda kumdhulumu mwanamke dereva mchana peupe jijini, kitendo cha kinyama kisicho na utetezi, jibu lilikuwa msako wa sekta nzima, nduthi zikirundikwa kwenye vituo vya polisi kama mizoga. Wanasiasa nao wanawajua vizuri: ni msafara wa bei nafuu. Jaza tangi, gawa fulana, piga honi. Na tarehe 16 Oktoba 2025, mwili wa Raila Odinga uliporudishwa kutoka India, maelfu waliupokea JKIA na kuusindikiza kuvuka jiji hadi Kasarani, wengine kwa miguu, wengine kwa nduthi. Wengi walitoka Kibera, aliyokuwa mbunge wake kwa miaka ishirini kupitia Lang'ata. Pale Kasarani polisi walifyatua risasi na kurusha vitoa machozi, na watu waliokuja kuomboleza wakafa. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama nduthi zimewahi kufika uwanja wa taifa, jibu langu ni ndiyo, tulizipeleka msibani na ikawa misiba miwili.

Sasa Talanta. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2024, kwa ajili ya AFCON 2027 ambayo tutaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Kwa vipimo inawezekana. Sheria za spidiwei zinataka njia isiyopungua mita 260, na ukizunguka mpaka wa kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 unapata mita 346. Nafasi ipo. Cardiff walifanya hivyo hivyo. Lakini uwanja huu umegharimiwa kwa bondi ya shilingi bilioni 44.8 iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa Julai 2025, ya kulipwa kwa miaka kumi na mitano. Hakuna waziri atakayeruhusu lori za udongo juu ya nyasi hizo. Na simlaumu. Kasarani na Nyayo ndiyo kabisa, njia zake ni za wanariadha, na gurudumu moja lenye meno likipita pale tutakuwa tumewaharibia watu pekee wanaotuletea medali.

Kuna watakaosema Safari Rally pia ilikuwa imekufa. Kweli. Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Elizabeth, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na tukakaa miaka 19 tukiambiwa itarudi. Ikarudi Juni 2021, Naivasha. Lakini angalia ilivyorudi: rais aliitaka, hazina ikatoa, polisi na wanajeshi wakasimama barabarani. Vijana wa rika langu waliibeba kama sikukuu, Vasha ikawa neno la kila msimu wa mbio hizo, ingawa wengi wetu gari la mbio tuliliona kwa sekunde nne na vumbi kwa dakika kumi. Simbezi mtu. Ila ile ni njia ya Elvin: mtu mmoja mkubwa anataka, kitu kinakuwepo. Asipotaka, kinaenda na yeye.

Kwa hivyo wazo la steji nalikataa kwa upande wa Talanta. Nalikubali kwa upande wa ukuta mwingine. Jamhuri bado ni uwanja wa maonyesho ya kilimo, ukiwa na uwanja wa gwaride na jukwaa la kukaa, na yale maonyesho makubwa ya biashara huja mara moja kwa mwaka, kuelekea Oktoba. Ni mahali pa aina ile ile Hoskins alipowashia taa zake 1923. Spidiwei haikuzaliwa uwanja wa taifa. Ilipelekwa huko ilipokuwa imeshiba, na kila ilipofukuzwa ilirudi kwa viwanja vidogo vya udongo, Leszno, Toruń, Manchester, ambako klabu na mji vinamiliki kila kona na mtu anajua kiti chake. Ndiyo maana sioni Manchester kuwa kushuka daraja. Ni kurudi nyumbani.

Na gharama yake si ya motokrosi. Hakuna kuruka, hivyo hakuna springi za bei ya shamba. Boxer ya sisi 150, iliyovuliwa breki, taa na kiti cha abiria, na kufungwa gia moja, inaweza kutengenezwa na fundi wa Kawangware kwa mashine ya kuchomelea na wiki moja ya subira. Murram tunayo mpaka inatuingia kwenye chakula.

Sitakuuzia huu kama mradi wa usalama. Waendeshaji pikipiki zaidi ya 1,000 hufa barabarani kwa mwaka nchini, na sidhani mbio za Jumapili zitapunguza hata mmoja. Spidiwei yenyewe imeua na kuvunja migongo tangu siku zake za mwanzo, pamoja na kofia zake na kuta zake za kupulizwa hewa. Mama wa kijana wa boda akiniambia mwanawe tayari anacheza na kifo siku sita kwa wiki, siku ya saba apumzike, sina la kumjibu haraka. Ninachoweza kusema ni kwamba yule kijana ana kitu anachokijua kuliko karibu kila mtu, na mahali pekee anapoonyeshwa kukijua ni kwenye video za ajali.

Niliongea na mwendeshaji mmoja wa Olympic kuhusu haya, baada ya kumlipa. Nilimwambia breki hakuna. Akafikiria. "Na bima ni nani analipa, brathe?" aliuliza. Hakuuliza zawadi ni ngapi, wala kama atatokea kwa TV. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo Kenya Motor Sports Federation, wanaotoa leseni za mbio nchini, wangepaswa kulijibu kabla ya mtu yeyote kumwaga udongo: ada ya leseni kwa mtu anayelipa deni la nduthi kila jioni, na nani anagharimia mguu wake ukivunjika Jumapili na kazi ni Jumatatu. La pili ni kwa chama cha kilimo chenye Jamhuri, kuhusu bei ya kukodi ule uwanja kwa Jumapili moja ya Novemba, maonyesho yakishaisha na kabla mvua haijazidi.